Tangi la Ghorofa ya Tatu: Shajara ya Mradi

8 Februari, Jumamosi

Orodha ya samaki ninaotaka kufuga kwenye tangi la kioo sebuleni iko nyuma ya risiti ya supamaketi, na ninainakili hapa kama ilivyo kabla sijaanza kuionea haya: gapi 10, moli 4, neoni 10, malaika 2, koridora 6, pleko 1, samaki wa dhahabu 2. Jumla 35. Ni orodha ya mtu aliyesimama dukani mbele ya vioo siku tatu baada ya mshahara.

Tangi lenyewe bado halipo. Kilichopo ni ukuta. Ninakaa Donholm, ghorofa ya tatu, na sebuleni ni ukuta mmoja tu unaobeba jengo, ule unaopakana na ngazi. Zilizobaki ni za kugawa vyumba. Nimepiga hesabu: sentimita 90 kwa 45 kwa 45 ni lita 182 likijaa pomoni. Ukitoa udongo, mawe na nafasi kidogo pale juu, maji yanabaki lita 150 hivi, yaani kilo 150. Kioo cha milimita 10 kinaongeza kilo 40, udongo na mawe kilo 35. Fremu ya chuma sijaigusa. Hiyo ni mifuko minne na nusu ya saruji imesimama kwa miguu minne juu ya sebule ya jirani nisiyemjua hata jina. Kwa hiyo ni ukuta wa ngazi, hakuna mjadala, hata kama runinga italazimika kuhama.

Fundi wa vioo alitaka kunikatia milimita 6. "Madam, hii ndiyo naweka kwa madirisha ya benki." Nikamwambia dirisha la benki halijajazwa maji. Milimita 8 ingetosha kwa urefu huu, lakini nimechukua 10 nilale usingizi. Jambo moja nililomsisitizia hadi akachoka nami ni silikoni: ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo, na dawa inayoua ukungu haichagui cha kuua.

15 Februari

Fremu imechomelewa na vijana wa jua kali kando ya Outering Road, chuma cha mraba cha inchi moja na nusu. Nilienda na pimamaji yangu mwenyewe. Fremu iko sawa. Sakafu ya nyumba yangu ndiyo haiko sawa: upande wa dirishani imezama milimita 5. Nimeishi hapa miaka sita nikidhani meza ndiyo mbovu.

Nimeweka vipande vya bati chini ya miguu miwili, plaiwudi juu ya fremu, kisha stairofoamu ya sentimita 2 juu ya plaiwudi. Stairofoamu inameza vijiwe na vinundu ili kioo cha chini kisikalie ncha moja na kupasuka. Baadaye nitagundua ina kazi nyingine.

Tangi limejazwa maji ya kujaribia na kuachwa siku tatu kwenye baraza. Halivuji. Keateka wa jengo alipanda mara mbili kuuliza kama ninafungua baa.

22 Februari

Leo sikununua chochote, nilipima tu, na risiti ikapoteza mistari mitatu.

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji Nairobi inashuka kutoka miteremko ya Aberdare, bwawa la Ndakaini, na kusafishwa Ng'ethu kabla ya kufika mjini. Ni maji yaliyopita juu ya miamba ya volkano isiyo na chokaa, kwa hiyo ni maji laini. Kipima chumvi changu kinasoma 62. pH, kipimo cha asidi, ni 7.0. Uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe ni nyuzi 2 tu, kiasi kidogo kabisa.

Moli wanataka maji magumu yenye chumvi. Wamefutwa. Gapi pia hupenda maji magumu, ingawa watavumilia. Hao nimewafuta kwa sababu nyingine, kwamba jike mmoja huzaa vifaranga kwa makumi kila mwezi na sina wa kumgawia. Samaki wa dhahabu ni wa maji baridi, hung'oa mimea na huchafua kama ng'ombe. Wamefutwa bila huzuni.

Neoni, kwa upande wake, ni samaki wa vijito vya juu vya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Kumbe mfereji wa Donholm, siku unapotoa maji, unamfaa neoni kuliko mifereji mingi ya Ulaya.

Klorini ndiyo shida iliyobaki, na hapa mgao wa maji umenitatulia. Kwetu maji huja siku mbili kwa wiki. Kila mtu ana pipa la bluu la lita 200. Maji yakikaa wazi kwenye pipa siku mbili klorini inapungua yenyewe, na mimi huwa nayakalisha siku nne kwa kukosa hiari. Bado ninatia matone ya thayosalfeti, dawa ya kuondoa klorini, maana siku moja nitasahau.

1 Machi

Siku ya udongo. Mgongo unauma.

Sikununua ule udongo maalumu wa mimea ya majini unaotoka nje. Nimechukua udongo mwekundu wa kwa rafiki yangu Limuru, kutoka chini ya migomba yake mahali ambapo hajawahi kutia mbolea ya dukani wala kunyunyiza dawa. Wiki mbili nzima umekuwa kwenye beseni: naloweka, namwaga maji yaliyopanda rangi, naanika mpaka upasuke, naloweka tena. Mara tatu. Nikauchuja kwa wavu wa chekeche kutoa mizizi. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi na hushika fosforasi barabara, na mizizi ndiyo inayojua namna ya kuidai.

Tabaka la udongo ni sentimita 3, juu yake mchanga wa mto sentimita 4. Mchanga niliununua kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi, akasema ni wa Machakos. Niliosha ndoo tisa. Maji ya ndoo ya kwanza yalikuwa kama uji wa wimbi. Ya tisa bado hayakuwa safi, lakini nilikuwa nimechoka.

Kabla ya kuosha nilitia siki kwenye kijiko cha mchanga. Kimya. Nikatia siki kwenye zile kokoto nyeupe za mapambo nilizonunua barabarani kwa mia tatu: zikachemka kama Eno. Marumaru. Zingeachia chokaa majini kila siku na kunifanya nimtafute mchawi. Sasa zimepamba chungu cha mshubiri kwenye baraza. Badala yake nina mawe meusi ya volkano yenye matundu, hayajibu kitu kwa siki.

Gogo ni la mpera, limekauka miaka miwili nyuma ya jiko la shangazi yangu. Nililichemsha kwa zamu, nusu leo nusu kesho, kwa sababu halikuenea kwenye sufuria kubwa niliyonayo. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, basi nikaongeza muda. Bado linaelea. Nimelikandamiza kwa jiwe.

Mimea: valisneria nyuma, kriptokorini katikati, anubia na kangaga la Java vimefungwa kwa uzi juu ya gogo. Hivyo viwili usizike shina lake mchangani, litaoza. Anubia ni mwenyeji wa Afrika Magharibi na ya Kati, ila hii yangu imefika hapa kupitia shamba fulani la Asia, nauli juu.

Nilijaza maji kwa kumwagia juu ya sahani ili mchanga usichimbike. Ilichukua saa mbili. Udongo ulitoroka kona moja tu.

9 Machi

Maji yana rangi ya chai ya rangi. Juu ya gogo kumeota utando mweupe, mzito kama kamasi. Niliusoma zamani kwamba ni kuvu na bakteria wanaokula sukari ya mti, hauna madhara, utaisha. Kuusoma ni jambo moja, kuutazama ukinywa chai ni jingine.

Kriptokorini zimeyeyuka zote. Majani yamekuwa kama mchicha uliosahaulika mekoni. Sikung'oa mizizi.

Amonia, ile sumu ya samaki, imefika 2.

18 Machi

Amonia 4. Naitraiti imeanza kuonekana. Udongo wenyewe ndio unaotoa amonia, sikuhitaji kutia kitu kingine.

Kwa aliyeulizwa na mumewe kwa nini analipa stima ya tangi lisilo na samaki: kundi la kwanza la bakteria, Nitrosomonas na ndugu zake, hugeuza amonia kuwa naitraiti. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mimea hula na samaki huvumilia. Makundi haya si kila mara hutoka dukani kwenye chupa kama chupa inavyodai. Hukua yenyewe kwenye sponji ya filta na mchanga, polepole. Ukitia samaki leo wataoga kwenye mkojo wao wenyewe.

27 Machi

Amonia 0.5. Naitraiti imepita mwisho wa kadi ya rangi, zambarau ya kanzu ya askofu. Nimebadilisha maji nusu.

Kriptokorini imetoa jani. Moja, rangi ya kutu, refu kama ukucha.

5 Aprili

Amonia 0. Naitraiti 0. Naitreti 20. Siku 35 tangu nijaze maji.

Nilirudia kipimo kesho yake na kesho kutwa, maana sikuamini.

12 Aprili

Neoni 14. Duka liko mjini, na mzee mwenye duka nimempenda kwa sababu alikataa kuniuzia siku ya kwanza. "Hawa wamefika jana na ndege, mama. Rudi Jumamosi. Watakaokufa wafe kwangu." Nilirudi Jumamosi. Akaniuliza pH yangu, akapima ya kwake mbele yangu, akaupuliza mfuko hewa ya mtungi na kuufunga kwa mpira.

Sikuwa na tangi la karantini, ila tangi tupu lenyewe ndilo karantini. Niliuacha mfuko uelee majini dakika ishirini, kisha kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika tano, kisha nikawavua kwa wavu. Maji ya duka yakaenda chooni.

Saa nne usiku nilienda kuwachungulia kwa tochi. Wote wamepauka. Ule mstari wa buluu umefifia kuwa kijivu, ule mwekundu haupo kabisa. Nilikaa chini sakafuni. Nikawaza shilingi, nikawaza mzee atasema nini. Ndipo nilipokumbuka kwamba neoni huzima rangi zao gizani, na ukiwasha taa inarudi taratibu. Nikawasha. Ikarudi.

19 Aprili

Wote 14 wako hai. Wanakula vipande vya chakula kikavu nilivyovisaga kwa vidole. Taa ya LED ya mwanga mweupe inawaka saa sita kwa siku kwa taima. Niliijaribu saa tisa wiki iliyopita nikapata mwani wa nyuzinyuzi kwenye valisneria. Saa sita inatosha.

Malaika amefutwa leo kwenye risiti. Akikua ni mkubwa kama kiganja changu, na neoni huko kwao Amazon ni kitoweo chake.

3 Mei, Jumamosi

Nimepoteza neoni watatu, na kosa ni langu kwa theluthi mbili.

Mfereji ulikauka siku tisa. Mwenye nyumba akaleta lori la maji, akajaza tangi la juu ya paa, hakumwambia mtu. Pipa langu lilikuwa limebaki robo, nikalijaza kutoka bombani Alhamisi usiku. Leo asubuhi nikabadilisha asilimia 40 ya maji kama kawaida. Sikupima. Wiki kumi nimepima kila ndoo, na ile moja ndiyo sikuipima.

Baada ya saa mbili neoni walikuwa wamejikunja kwenye kona, wanahema haraka, mmoja anazunguka kama pia. Kipima chumvi: 290. Maji ya pipa lenyewe: 610. pH ya pipa: 8.4. Hayo ni maji ya kisima kirefu. Visima vingi vya Nairobi hutoa maji yenye bikaboneti ya sodiamu na floraidi, na hata meno ya wazee wa baadhi ya sehemu yanaeleza habari hiyo.

Theluthi yangu ya pili ni hii. Juzi nilitikisa udongo nikihamisha kriptokorini moja, na amonia kidogo ikatoka, 0.5. Kwenye pH 7 hiyo si balaa, kwa sababu karibu yote iko katika umbo la amoniamu lisilo na sumu kali. Isiyozidi asilimia 1 ndiyo amonia yenyewe. pH ikipanda hadi 8 sehemu hiyo yenye sumu inakuwa asilimia 5 hivi, na ikizidi 8 inapaa. Maji yaleyale, amonia ileile, na ghafla ni sumu.

Nilimwita jirani wa chini (sasa ninajua jina lake) akanipa lita 60 za maji ya mfereji aliyoweka tangu wiki iliyotangulia. Niliyatia kwa mpira mwembamba wa kudondosha, saa nne nzima, nisiwarudishe kwa ghafla kama nilivyowapeleka. Watatu walikuwa wameshakufa. Wamebaki 11.

Kipima chumvi sasa kimefungwa kwa kamba kwenye mdomo wa pipa. Huwezi kuteka bila kukigusa.

10 Mei

Sikupenda vile uwezo wa kuzuia pH ulivyo mdogo kwenye maji yetu mazuri. Nimeweka vipande vya ganda la kombe kwenye mfuko mdogo ndani ya filta, kiasi cha kijiko. Umepanda kutoka 2 hadi 3. Basi, sitaki zaidi.

Rafiki yangu wa Mombasa ndiye aliyeleta kombe, pamoja na gunia dogo la majani makavu ya mti wa mkungu, si mkungu wa ndizi. Nilipomwomba kwenye simu alicheka. "Majani ya mkungu? Bibi, hapa tunayafagia kila asubuhi tukiyachoma." Kwenye maduka ya samaki ng'ambo majani hayo huuzwa kwa kuhesabiwa, moja moja. Yakizama hutoa rangi ya kahawia na tanini, maji yanakuwa na asidi kidogo, na samaki wa Amazon hutulia. Nimetia mawili. Kuanzia leo sitaki mtu aniambie maji yangu ni machafu.

24 Mei, Jumamosi

Baba amefika kutoka Homa Bay kwa kliniki ya macho. Atakaa wiki tatu.

Baba alivua miaka thelathini, nyingi kati ya hizo omena, usiku, kwa taa. Alivuta kiti, akakaa mbele ya tangi, akanyamaza dakika kumi. Kisha: "Hawa ni wadogo kuliko omena."

Nikamwambia wanatoka Amerika Kusini.

"Wamekuja kwa ndege?"

"Ndiyo, Baba."

Akanyamaza tena. Baadaye akachukua tochi yangu, akaielekeza kwenye kioo, neoni wakakimbilia nyuma ya gogo. "Omena hufuata taa," akasema. "Hawa wanaikimbia. Ungekufa njaa."

31 Mei

Stima ilipotea saa tatu usiku. Nilijua itarudi, nikalala.

Saa kumi na moja alfajiri Baba alibisha mlango wa chumba changu. "Mama, amka. Samaki wako wanataka hewa."

Walikuwa juu wote 11, midomo imegusa uso wa maji, wanameza. Filta imesimama tangu saa tatu, hewa haichanganyiki. Na mimea ambayo mchana hutoa oksijeni, usiku huivuta kama sisi. Mwinuko nao haumsaidii mtu: maji ya nyuzi 25 pale Mombasa yanaweza kushika miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita, huku kwetu, kwenye mita 1,600 na zaidi, hayafiki 7. Tunaanza na kibaba kilichopungua.

Baba hakuhitaji tarakimu hizo. Alikwenda jikoni akaleta sufuria ndogo, akateka maji ya tangi, akayainua usawa wa kifua chake na kuyamwaga tena ndani kwa mkondo mwembamba. Akateka tena. Alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu anayekamua ng'ombe. Tulipokezana mpaka saa moja na nusu, na sebule ikalowa yote. Stima ilirudi saa mbili. Hakufa hata mmoja.

Nilimuuliza alijuaje, macho yenyewe si mazuri. Akasema hakuwaona. Alisikia: midomo midogo ikigusa maji, tap tap tap, na nyumba yote imenyamaza.

2 Juni

Nimenunua Luthuli Avenue pampu ndogo ya hewa yenye betri ndani, inayojiwasha stima ikikatika. Inapuliza kwenye filta ya sponji ya ziada, hivyo bakteria nao wanapata hewa. Kelele yake ni kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Ninailalia.

Hatua ya pili ya uangalifu: nimepunguza valisneria. Ilikuwa imejaza nyuma kote. Nilitaka kumwaga machipukizi kwenye mtaro, Baba akanishika mkono. Yeye ameona Homa Bay ikifungwa na gugu maji, mashua zimekwama siku mbili umbali wa kutupa jiwe kutoka pwani. Hadithi ya Naivasha ninaijua mimi: salvinia iliingia miaka ya 1960, kamba wa Louisiana wakaletwa 1970, gugu maji likafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtaro wetu unamwaga Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, na Athi inafika bahari ya Malindi ikiitwa Sabaki. Machipukizi yameanikwa juani barazani mpaka yakawa majani ya chai, kisha yamezikwa kwenye chungu cha mshubiri, pamoja na zile marumaru.

14 Juni

Baba amerudi nyumbani. Kabla ya kuondoka aliuliza kuhusu mstari wa pleko kwenye risiti. Nikamweleza: anauzwa urefu wa kidole, anasifiwa kwamba anasafisha mwani, na akikomaa anafikia sentimita 40 na kinyesi cha kujaza koleo. Tangi langu lina sentimita 90.

"Huyo ndiye ungemnunua," akasema. "Huyo analika."

Amefutwa.

28 Juni

Koridora 6, aina yenye madoadoa inayotoka maeneo ya Mto Plata, Argentina na Uruguay, inayovumilia baridi. Hao sasa wana karantini ya kweli: beseni la lita 50 lenye ile filta ya sponji iliyokwishazoea. Wiki mbili. Pamoja nao neoni watatu wa kuziba pengo.

Mzee wa duka alimwambia mteja mwingine mbele yangu kwamba koridora "wanajilisha kwa uchafu." Hapo nilimkosoa, kwa heshima. Wanakula mabaki, ndiyo, lakini ukiwaachia mabaki tu watakonda. Vidonge vinavyozama, baada ya taa kuzimwa. Akasema, "Basi wewe njoo uuze hapa." Tulicheka.

12 Julai

Wamehamia tangi kubwa. Sasa ninaelewa kwa nini niliosha ndoo tisa za mchanga. Koridora anazamisha pua mpaka machoni, anavuta mdomo mzima wa mchanga, na ule mchanga unamtoka kupitia mashavuni, punje kwa punje, kama unga kwenye ungo. Kilichobaki mdomoni ndicho chakula. Kwenye kokoto kali masharubu yake yangeweza kuumia. Jana nililipa bili zote nimechelewa kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti pale.

Ni baridi sasa. Asubuhi sebule ina nyuzi 16. Hita ya wati 200 ilikuwa inajaribu kushika 25, na tokeni zilikuwa zinayeyuka. Nilisoma mita saa 24 kila kitu kingine kikiwa kimezimwa, friji ikiwemo, nikapata uniti 2 kwa siku za hita peke yake. Nimefanya mambo mawili. Nimeshusha hita hadi 22, maana neoni wanafurahia 21 hadi 25 na koridora hawa hata chini ya hapo. Na ile stairofoamu iliyokuwa imebaki nimeibandika nyuma ya tangi na pembeni, na usiku ninalifunika kwa leso nzito. Sasa ni uniti 1 kasoro. Mume wangu, aliyekuwa ameanza kuhesabu kwa sauti, amenyamaza.

2 Agosti

Vipimo: amonia 0, naitraiti 0, naitreti 10, pH 6.8, chumvi 88, joto 22. Neoni 14, koridora 6. Risiti imebaki na mistari miwili, na yote miwili ina alama ya tiki.

Kriptokorini zimefunika katikati yote. Utando mweupe wa gogo uliisha Aprili nikiwa sijui. Kuna konokono wadogo walioingia na mimea. Siwaui, ila nimepunguza chakula, nao wamepunguza kuzaana.

Baba alipiga simu jioni, baada ya habari. Aliuliza watoto, mvua, bei ya unga, kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Na zile omena zako za ndege, ziko ngapi sasa?"

"Ishirini, Baba, ukihesabu na hawa wapya."

Alifikiri. Nilisikia redio yake kwa nyuma.

"Ishirini," akasema. "Hata mboga ya mtu mmoja haifiki."